Beseni Linalopwa na Kujaa

Mhadhara kwa walimu wa shule za msingi wa pwani ya Palma na Mocímboa da Praia



Kuna mchoro mmoja wa kitabu cha sayansi ambao kila mwalimu aliyemo humu anaufahamu. Chupa kubwa ya kioo yenye maji. Ndani yake mmea, samaki mmoja au wawili, na konokono. Juu yake jua na miale. Mishale inazunguka: mmea unatoa oksijeni, samaki anaivuta, samaki anatoa kabonidioksaidi, mmea unaichukua, kinyesi kinaoza, mmea unapata mbolea. Mtoto ananakili mchoro, anaandika chini yake "mfumo wa ikolojia", somo limekwisha.

Sina ugomvi na mchoro huo, isipokuwa jambo moja: chupa imefungwa. Mtoto wa Palma au wa Kionga anaishi mahali ambapo hakuna kilichofungwa. Bahari hupwa na kujaa mara mbili kwa siku. Mvua huanza Novemba au Desemba, hukatika kufika Aprili, na vidimbwi vilivyokuwa vikipiga kelele za vyura hugeuka ardhi ngumu iliyopasuka. Viumbe wa hapa wamezoea kuachwa na maji na kurudiwa nayo. Mtoto ambaye amekua akimfuata mama yake kuokota chaza maji yakipwa, ukimwonyesha chupa iliyotulia na kumwambia kwamba uhai ndivyo ulivyo, umemfundisha pungufu ya anachokijua tayari.

Ombi langu leo ni kwamba darasani muweke beseni ambalo maji yake hutolewa na kurudishwa, na karai la udongo mkavu unaosubiri mvua. Chupa ya kitabuni nayo ina nafasi yake, nitaifikia.

Kwanza tujue ilikotoka. Asili yake ni London ya karne ya 19. Daktari mmoja, Nathaniel Ward, alikuwa akishindwa kuotesha kangaga katika uwanja wa nyumba yake kwa sababu ya moshi wa makaa ya mawe. Mwaka 1829 alimfukia pupa wa nondo katika udongo wenye unyevu ndani ya chupa, akaifunga ili amwone atakapotoka. Kabla ya nondo, ukachipua mche wa kangaga na jani la nyasi. Mimea hiyo iliishi humo karibu miaka minne bila kutiwa maji, mpaka kifuniko kikaliwa na kutu na mvua ikaingia. Miaka ishirini hivi baadaye, mkemia Robert Warington wa mji huohuo akajaribu kwa upande wa maji. Alitia samaki wawili na majani ya majini. Majani yaliyokufa yakaoza, maji yakawa na utelezi wa kijani, na chombo kikaelekea kuharibika. Mwaka 1850 akaeleza dawa aliyoipata: konokono. Konokono walikula uozo na utelezi, na mayai yao yakawa chakula cha samaki. Mchoro wa kitabuni ni chombo cha Warington, konokono na yote.

Angalieni lakini kwamba Ward alikuwa anaukimbia moshi. Kioo chake kilikuwa ukuta dhidi ya mji mchafu. Sisi hapa tuna mikoko nyuma ya nyumba na hatuna tunachokikimbia kwa upande huo.

Sasa beseni. Lile pana la plastiki la kufulia linatosha. Nendeni na watoto kwenye mikoko maji yakiwa yamekwenda, mahali palepale wanapocheza kila siku, karibu na watu wazima. Sihitaji kueleza kwa nini katika wilaya hizi mtoto hatumwi peke yake vichakani, wala kwa nini tunamfundisha asiguse chuma asichokijua. Chimbeni tope na mchanga wa pale pale kaa walipo, mjaze upande mmoja wa beseni mpaka uwe mteremko. Upande wa chini mimineni maji ya bahari ya kina cha vidole vinne. Kisha wakamateni kaa wachache wa gando moja, wale ambao dume ana gando dogo na jingine kubwa mno, la rangi, analolipunga hewani. Watieni madume na majike. Funikeni kwa kipande cha chandarua kikuukuu, beseni likae kivulini, na pasipite kuku.

Hapo mna beseni. Bado hamna bahari. Bahari ni kazi ya zamu. Maji yanapojaa kule pwani, watoto wa zamu wanamimina maji kutoka kwenye dumu hadi mteremko karibu wote uzame. Maji yanapopwa, wanayachota kwa kopo na kuyarudisha dumuni. Ratiba haitoki kwa mwalimu. Inatoka kwa mvuvi, au kwa bibi anayejua siku ya bamvua kwa kutazama mwezi. Baada ya siku chache watoto watalalamika kwamba ratiba haikai: leo tulijaza kabla ya kengele ya mapumziko, kesho yake mapumzikoni, keshokutwa baada yake. Waacheni walalamike, kisha waulizeni kwa nini. Kati ya kujaa na kujaa ni saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo kila siku bahari huchelewa kwa dakika karibu 50. Kengele ya shule inafuata jua na bahari inafuata mwezi. Mtoto aliyebeba kopo kwa wiki mbili, akaona zamu yake ikitembea kutoka asubuhi hadi adhuhuri hadi kutoka kabisa nje ya saa za shule, hasahau tena. Saa ambazo shule imefungwa, beseni linabaki lilivyo. Hatutaki mtoto aamshwe usiku wa manane kwa ajili ya kaa.

Sasa nini kinaonekana? Mwanzoni, hakuna. Kaa wanajificha, watoto wananong'ona kwamba wamekufa. Wakizoea, wanatoka kula. Mchukueni mtoto mmoja amhesabie jike mara ngapi anapeleka gando mdomoni kwa dakika moja, mwingine amhesabie dume. Jike ana magando mawili madogo ya kulia, dume ana moja tu, kwa sababu lile kubwa halimfai kulia. Darasa lenye watoto 80 linaweza kupata hesabu 80 kwa asubuhi moja, na hapo mna somo la wastani bila kufungua kitabu cha hisabati. Kaa hamezi mchanga. Anauchambua mdomoni, anachukua vijidudu na mabaki yaliyoshikamana nao, na kuuacha chini umefinyangwa kuwa vidonge. Hesabuni vidonge. Viacheni vikauke mvitazame. Waulizeni watoto: kama kila kaa anafinyanga vidonge hivi kila maji yanapopwa, ufuko mzima wa Tungi umepita mara ngapi midomoni mwa kaa? Mimi sina jibu la swali hilo na ninalipenda kwa sababu hiyo.

Jaribio ninalolipenda zaidi ni lile la kuondoa bahari. Wachukueni kaa wachache, muwaweke katika beseni la pili lenye tope bichi lisilozama wala kukauka, lifunikwe kwa nguo nyeusi, kwenye chumba ambacho jua haliingii. Hakuna kujaa, hakuna kupwa, hakuna mchana. Kila nusu saa mtoto mmoja anafunua pembe ya nguo, anahesabu kaa walio nje ya mashimo, anafunika. Darasa linaweka alama kwenye karatasi moja, na kwenye karatasi nyingine ratiba ya bahari. Mwisho wa siku mnazilaza pamoja.

Katika miaka ya 1940 na 1950, Mmarekani Frank Brown na wenzake walifanya kazi ya namna hii kwa uangalifu mkubwa kuliko wetu, huko Woods Hole, juu ya binamu wa Atlantiki wa kaa hawa. Waliona kwamba kaa huwa na rangi nyeusi zaidi mchana na hupauka usiku, hata akifungiwa gizani. Waliona pia kwamba kaa aliyetolewa ufukoni huendelea kwa siku kadhaa kuzurura na kutulia kwa kufuata maji ya kwao, ingawa maji hayo hayaoni wala hayamgusi. Wanasayansi walibishana miaka mingi kuhusu chanzo cha saa hiyo. Brown mwenyewe alishikilia kwamba kuna ishara ya nje inayomfikia mnyama. Wengi leo wanasema saa imo mwilini. Mtoto wa darasa la sita hatamaliza ubishi huo kwa beseni la kufulia. Lakini akiona alama zake za gizani zikisogea pamoja na bahari, atakuwa ameona kwa macho yake kitu kilichowagombanisha watu wazima wenye maabara. Na asipoona, kwa kuwa kaa walikuwa wachache au nguo ilifunuliwa mno, aandike kwamba hakuona. Nasisitiza hilo kwa sababu nimeona madaftari mengi ambayo matokeo yake yaliandikwa kabla ya jaribio.

Jambo moja la chumvi. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Beseni likikaa wazi, maji yanaruka, chumvi haiendi kokote. Yakibaki nusu, chumvi imekuwa maradufu na kaa wataanza kufa. Pigeni mstari kwa mkaa kwenye dumu siku ya kwanza, na kilichopungua kijazwe kwa maji baridi ya kisima au ya mvua. Watoto wengi, na walimu kadhaa, hudhani kijazwe kwa maji ya bahari. Wapeni nafasi ya kubishana kabla hamjawaambia. Wale ambao wazazi wao wamewahi kuvuna chumvi watashinda.

Mliotoka upande wa kusini, Ibo na Macomia, mkumbuke kwamba mikoko yenu mingi imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Quirimbas, iliyotangazwa mwaka 2002 na kuingizwa na UNESCO katika orodha ya hifadhi hai za dunia mwaka 2018. Ombeni ruhusa. Wenzetu wa ng'ambo ya mto Ruvuma nao, Msimbati na Ghuba ya Mnazi, wako ndani ya hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000. Kaa wa kingo mbili za Ruvuma ni haohao. Sheria ndizo mbili.

Chombo cha pili ni karai la udongo. Hili ni la watoto walio mbali kidogo na bahari, na msimu wake ni kabla ya mvua. Tafuteni bonde ambalo watu wanasema hujaa kila mwaka na kukauka kila mwaka. Chimbueni udongo wa chini kabisa, ule uliopasuka, wa kina cha kiganja, muukaushe zaidi kivulini. Pitisheni karai mkono kwa mkono. Waulizeni watoto: humu mna kitu kilicho hai? Pigeni kura, muandike idadi ubaoni. Kisha mimineni maji ya mvua au ya kisima, kidogo kidogo, mpaka yafike shubiri moja juu ya udongo.

Kwa kawaida hazipiti siku nyingi kabla ya kitu kujongea. Kwanza nukta zinazorukaruka. Baadaye vikamba vidogo vinavyoogelea chali, miguu juu, vikichuja maji. Hao wote wametoka kwenye mayai yaliyokaa ndani ya vumbi lile mliloshika mikononi. Na kama udongo umetoka kwenye bonde lenyewe hasa, atatokea samaki.

Hili najua baadhi yenu hamliamini, na wazee wanaotabasamu kule nyuma wanalijua tangu utotoni. Pwani ya Afrika Mashariki ina samaki wa jenasi Nothobranchius, ambao maisha yao yote hupita katika vidimbwi vya mvua. Mjerumani Wilhelm Peters, aliyezunguka Msumbiji akikusanya wanyama katika miaka ya 1840, alimwandika mmoja wao wa Quelimane mwaka 1844. Kaskazini-mashariki ya nchi hii, yaani huku kwetu, kuna anayeitwa Nothobranchius hengstleri, aliyepewa jina hilo la kisayansi mwaka 2007 tu. Dume ana rangi za kung'aa, jike ni wa kijivu. Hutaga mayai topeni, kidimbwi hukauka, wazazi hufa wote, na mayai hubaki yamelala mpaka mvua ya mwaka unaofuata. Ndugu yao wa kusini mwa Msumbiji, Nothobranchius furzeri, amekuwa maarufu katika maabara za Ulaya zinazochunguza uzee, kwa kuwa anazeeka na kufa ndani ya miezi michache. Mwaka 2018 watafiti waliomfuata katika vidimbwi vya kwao huku Msumbiji waliandika kwamba anaweza kufikia kuzaa siku 14 tu baada ya kuanguliwa. Wafugaji wa samaki wa Ulaya hutumiana mayai ya jamii hii kwa posta, yamefungwa ndani ya udongo wenye unyevu kidogo. Bahasha inavuka mipaka, mpokeaji anatia maji, samaki anatoka. Watoto wetu wana bahasha hiyo chini ya nyayo zao na hawajawahi kuifungua darasani.

Mkibahatika, msiyamwage maji baada ya kuona samaki wa kwanza. Waacheni wakue kwa kula vikamba, muandike siku ambayo rangi ya dume inaonekana. Halafu yaacheni maji yakauke, mwache udongo miezi kadhaa, mtie maji tena. Huenda wakatoka wengine. Mayai ya kidimbwi kimoja hayaanguliwi yote kwa mvua ya kwanza. Mengine huendelea kulala. Mkulima wa huku anaelewa bila kuelezwa: mvua ya kwanza ya Novemba ikimdanganya, na mbegu zake zote zimo ardhini, amekwisha. Yule aliyebakiza nusu ghalani anapanda tena.

Hapa lazima nibadili sauti kidogo, kwa sababu maji baridi yana hatari ambayo maji ya bahari hayana. Uchunguzi wa kitaifa wa watoto wa shule uliofanyika kati ya 2005 na 2007 ulikuta kichocho cha mkojo kwa asilimia 47 ya waliopimwa nchini, na mikoa ya kaskazini ilikuwa miongoni mwa iliyoathirika zaidi. Nyinyi walimu mnawajua watoto wanaokojoa damu na kudhani ni dalili ya kukua. Vijidudu vya kichocho hutoka ndani ya konokono wa maji baridi, hasa wa jenasi Bulinus, nao hutoka kwa wingi jua likiwa kali, wakati wa mchana. Kwa hiyo chupa ya Warington, ile ya kitabuni, ikinakiliwa hapa neno kwa neno, inamwambia mtoto aingie bwawani mchana kutafuta konokono. Msifanye hivyo. Mtoto asiingie majini. Mtu mzima ateke maji kwa ndoo yenye kamba, yachujwe kwa kitambaa konokono wasipite, yakae siku mbili kamili kabla ya mkono kuingia. Kijidudu asiyepata ngozi ya mtu katika muda huo huwa amekufa. Konokono wa chupa yenu watoke kwenye maji ya chumvi, kwenye mizizi ya mikoko, ambako Bulinus haishi. Na baada ya kushika maji yoyote, sabuni. Mwaka 2019 kipindupindu kilituingilia wiki moja tu baada ya kimbunga Kenneth. Hatuhitaji ukumbusho mwingine.

Mbu nao. Maji yoyote yaliyotulia darasani yatatagiwa, mpende msipende, na katika joto letu yai huwa mbu mzima kwa siku 7 hadi 14. Wengine huona hiyo ni sababu ya kutoweka maji darasani kabisa. Mimi naona ni somo ambalo tungelilipia pesa. Tegeni kopo moja makusudi, lifungwe chandarua vizuri mara viluwiluwi wanapoonekana. Watazameni wanavyopumua. Wa jamii ya Culex, anayesumbua usiku kwa mlio, huning'inia kichwa chini, akitoa kibomba juu ya maji. Wa Anopheles, mwenye malaria, hana kibomba hicho. Hulala sambamba na uso wa maji. Mtoto akijua tofauti hiyo, anaweza kukagua pipa la nyumbani kwao na kusema nani amezaliwa humo. Tieni tone la mafuta ya kupikia juu ya kopo, mtazame kinachotokea na muulizane kwa nini. Katika karai la udongo, kama samaki wametoka, hamtaona viluwiluwi hata mmoja, na watoto watagundua wenyewe kwa nini.

Chombo cha tatu nitakitaja kwa ufupi kwa kuwa kinajifanyia kazi. Ni chupa ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu, ya plastiki angavu. Changanyeni tope jeusi la mikoko na vipande vya gazeti lililochanwa na yai moja bichi lililovunjwa pamoja na ganda lake, mjaze robo tatu, juu mmimine maji ya bahari, mfunike bila kukaza, muweke dirishani. Sergei Winogradsky, Mrusi, aliibuni mbinu hii katika miaka ya 1880 akichunguza bakteria wa topeni. Wiki za mwanzo itanuka yai bovu, na mkuu wa shule atauliza. Mwambieni kwamba harufu hiyohiyo ipo mikokoni kila siku, na kwamba inatokana na bakteria wanaoishi mahali pasipo oksijeni. Baada ya wiki kadhaa yanajitokeza matabaka: jeusi, la kijani, la zambarau, la kutu. Kila rangi ni jamii ya bakteria iliyojichagulia kiasi chake cha mwanga na cha hewa. Hawa hakuna mtoto aliyewahi kuwaona, na sasa anawaona bila hadubini. Mkitaka kukaribia zaidi, tone moja safi la maji likiwekwa juu ya kamera ya simu, simu ikageuzwa taratibu, linakuza vya kutosha kuona miguu ya kikamba.

Mtaniuliza, na mmoja ameshaniuliza kabla sijapanda hapa: muda uko wapi? Mtaala wa elimu ya msingi ulioanza kutumika mwaka 2004 uliacha asilimia 20 ya muda wa masomo kwa mambo ya mahali. Katika shule nyingi asilimia hiyo imekuwa ngoma, upishi na kusuka mikeka. Vizuri. Lakini tope la mikoko ni la mahali kuliko mkeka. Na majina? Daftarini mtoto aandike jina analolijua, la Kimwani, la Kiswahili, la Kimakonde, kisha la Kireno mwalimu atakapolipata. Nimewaona watoto wakikaa kimya mbele ya kaa kwa sababu hawana jina lake la shuleni, huku nyumbani wana majina ya kaa watano.

Daftari ndilo jambo ninalotaka lishikwe kwa nguvu kuliko beseni lenyewe. Liwe moja la darasa, lisiwe la mwanafunzi, lifungwe kabatini, lirithiwe na darasa linalofuata. Tarehe, saa, hali ya bahari, kilichoonekana, jina la aliyeona. Tarehe 25 Aprili 2019 Kenneth alitua pwani hii na upepo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Desemba 2024 kimbunga Chido kikatua kusini ya mji wa Pemba. Katikati yake tumepita tuliyopita. Mashambulizi ya Palma ya Machi 2021 mnayakumbuka, na kufika mwisho wa 2022 watu zaidi ya milioni moja wa mkoa huu walikuwa wamehama makwao. Watoto wamerudi kwenye fukwe ambazo hawakuziona kwa miaka. Mtu akiuliza leo kaa wa ghuba fulani walikuwa wangapi kabla ya kimbunga, au nyasi za bahari zilifika wapi kabla ya mitambo ya gesi ya Afungi, jibu litatoka wapi? Tangu gesi ilipogunduliwa katika Bonde la Rovuma mwaka 2010, wataalamu wa tathmini ya mazingira wamekuja na boti zao, wamehesabu, wameandika vitabu vizito, na vitabu hivyo haviko katika shule yoyote niliyoingia. Daftari la senti chache, la mahali pamoja, lililoandikwa kila bamvua kwa miaka kumi, lingekuwa na neno la kusema katika mkutano wa kijiji. Sisemi lingesikilizwa. Nasema lingekuwepo.

Nimalizie na yale ya kufunga muhula, kwa sababu huko ndiko mambo huharibika. Kaa warudishwe ufukoni palepale walipotolewa, maji yakiwa yamepwa, wapate kuchimba kabla hayajarudi. Waliokufa wahesabiwe na waandikwe. Maji ya bahari yasimwagwe karibu na kisima wala kwenye bustani ya shule, yarudi baharini. Kopo la mbu limwagwe juu ya mchanga mkavu wenye jua. Samaki wa karai, kama mlimpata, asipelekwe kwenye bwawa jingine hata watoto wakilia. Arudi kwenye bonde lake au afe katika karai lake, na udongo wenye mayai ubaki kwenye gunia lenye tarehe, ndani ya ghala ambalo panya hawaingii. Chupa za tope ziacheni dirishani. Hizo hazihitaji mtu wakati wa likizo, ila mwenye ufunguo aambiwe asizitupe kwa ajili ya harufu.